"Ni Mkali Lakini Ana Kipaji": Naomba Tuizike Sentensi Hii

SEHEMU YA 1

Mama mwenzangu, kuna sentensi moja nimeichoka. "Ni mkali sana, lakini ana kipaji."

Utaisikia kila mahali. Mwalimu anachapa watoto mpaka wanakojoa, lakini shule yake inafaulisha. Kocha anatukana vijana matusi ya nguoni, lakini timu inashinda. Daktari anarusha mkasi wodini, lakini mkono wake ni mzuri. Baba akirudi nyumbani watoto wanakimbilia chumbani, lakini si anatafuta? Ukiangalia vizuri, hapo kazi yote inafanywa na neno "lakini". Ndilo linalofuta kila kilichotangulia.

Leo nataka tulipige vita hilo "lakini", na nitatumia filamu. Najua ukurasa huu mmezoea chanjo, maziwa ya mama na homa za watoto. Tutarudi huko wiki ijayo. Hii nayo ni afya, na ukivumilia mpaka sehemu ya nne utaona kwa nini.

Filamu yenyewe ni ya Kijerumani, ya mwaka 1972: Aguirre, der Zorn Gottes, yaani Aguirre, Ghadhabu ya Mungu. Mwongozaji ni Werner Herzog, mwigizaji mkuu ni Klaus Kinski. Inahusu askari wa Kihispania wa karne ya 16 walioteremka milima ya Peru na kuingia mto Amazon kutafuta nchi ya dhahabu, El Dorado, nchi ambayo haikuwepo. Lope de Aguirre alikuwa mtu kweli. Mwaka 1561 aliongoza uasi ndani ya msafara wake, mkubwa wa msafara akauawa, akawa anaua wenzake mmoja mmoja, na alipozingirwa kule Venezuela akamuua binti yake mwenyewe, Elvira, kabla naye hajauawa. Mshikilie huyo binti akilini. Tutamrudia.

Wataalamu wa sinema wanaipenda sana filamu hii, na sitawabishia. Mwanzo wake, ule msururu mrefu wa watu unaoteremka mlimani kwenye ukungu, wadogo kama siafu, ukiuona hutausahau. Imetengenezwa kwa takribani dola 370,000 tu, na kama theluthi ya pesa hizo zikaenda mfukoni kwa Kinski. Kwa filamu ya mto, vyelezo vya magogo, farasi na mamia ya watu, hiyo ni hela ya kubana sana.

Ninachobishana nacho ni hadithi inayosimuliwa pembeni yake. Kwamba filamu imekuwa nzuri KWA SABABU mwigizaji alikuwa mwendawazimu wa hasira na mwongozaji akathubutu kupambana naye. Hiyo hadithi imeuzwa miaka zaidi ya hamsini. Ni ya uongo, na ina madhara.


SEHEMU YA 2

Tuanze na yaliyotokea kule mtoni.

Herzog alikuwa na miaka 29, Kinski 45. Walikuwa wanajuana zamani. Herzog alipokuwa mtoto wa miaka 13, mama yake, aliyekuwa akilea watoto bila baba nyumbani, alipanga kwenye nyumba moja ya wageni mjini Munich. Mwenye nyumba alikuwa amempokea pia Kinski, bure, kwa huruma tu, msanii hana hela. Malipo ya ile huruma? Herzog mwenyewe amesimulia kwamba Kinski alijifungia bafuni siku mbili mchana na usiku akavunja kila kitu kilichokuwemo. Siku nyingine mezani mtu alimsifu kwamba ameigiza vizuri sana, naye akamrushia viazi vya moto na vijiko, kwa sababu "vizuri sana" ilikuwa sifa ndogo kwake.

Wewe mama unayesoma hapa, hebu jiweke kwenye nafasi ya yule mama. Una watoto, unapanga nyumba ya watu, na mlango wa pili kuna mtu mzima anabomoa bafu. Huyo mama hakuna mtu aliyemtengenezea filamu. Wageni wa aina hii tunao hata sisi, kwenye nyumba zetu za kupanga, ukumbi mmoja na choo kimoja. Tofauti ni kwamba wa kwetu hatumwiti jiniasi, tunamwita mjumbe wa mtaa.

Basi Herzog akakua, akawa mwongozaji, akamwajiri yule yule aliyemjua tangu utoto. Huko Peru Kinski alitaka sura yake ijae kwenye kamera, milima ikae nyuma. Herzog akakataa. Kinski alitaka Aguirre awe mtu wa kubweka na kupiga kelele. Herzog alitaka mtu mkimya anayetisha. Wakagombana karibu kila siku.

Usiku mmoja waigizaji wa kujazia, zaidi ya arobaini, walikuwa kibandani wanacheza karata baada ya kazi. Kelele zikamkera Kinski. Akachukua bunduki akafyatua risasi kwenye kile kibanda. Risasi moja ikakata ncha ya kidole cha mtu.

Siku nyingine, kwenye tukio la kupigana, alimpiga mwenzake kichwani kwa upanga. Kilichomwokoa yule mtu ni kofia ya chuma aliyokuwa amevaa, na hata hivyo kovu lilibaki. Miaka mingi baadaye Herzog alimrudia akamrekodi akilionyesha.

Mimi ni muuguzi, nikisoma "ncha ya kidole" sipiti haraka kama wanavyopita waandishi wa sinema. Ncha ya kidole ina mishipa mingi ya fahamu, ndiyo maana inauma vile. Inavuja damu. Inataka kusafishwa, kufungwa, chanjo ya pepopunda. Sasa wako msituni, hospitali iko wapi? Na huyu mtu si nyota wa sinema. Pengine kazi yake ya kila siku inategemea mikono hiyo hiyo. Mahali pote nilipokuta kisa hiki kikisimuliwa, kinasimuliwa kama kichekesho. Jina la mwenye kidole sijalikuta hata mara moja. Wazee walisema hasira hasara. Sawa, ila tuwe tunauliza hasara ya nani. Kinski alilipwa hela yake yote.

Halafu siku chache kabla ya kumaliza Kinski akaamua anaondoka. Herzog akamwambia wazi kwamba akiondoka atampiga risasi kabla mtumbwi haujafika kona ya mto, na ya mwisho atajimalizia mwenyewe. Hadithi ikakua mpaka watu wakadai aliongoza filamu bunduki ikiwa mkononi. Herzog amekanusha mara nyingi, bunduki mkononi hakuwa nayo. Lakini maneno aliyasema na hajayakana.

Haya, sasa swali langu. Mume akimwambia mkewe "ukiondoka nakuua halafu najiua", tunaitaje? Sisi tunaopokea wanawake hospitalini tunajua jina lake. Tunaandika kwenye faili, na hayo ni maneno yanayotufanya tusimruhusu mama arudi nyumbani usiku huo bila kuzungumza na ustawi wa jamii. Kwenye sinema wanaita "ushirikiano wenye misukosuko". Wanacheka kidogo. Wanasema ah, wasanii!


SEHEMU YA 3

Sasa hoja yenyewe, maana najua kuna anayesoma huku anasema "nesi, lakini matokeo si uliyaona? Filamu si nzuri?"

Nzuri. Ila nisikilize jinsi uzuri ulivyopatikana, na huyu si mimi nasema, ni Herzog mwenyewe kaeleza. Alipotaka ule ukimya wa kutisha, alimwacha Kinski alipuke kwanza. Wakati mwingine alimchokoza makusudi. Kinski anapiga kelele saa nzima, saa na nusu, mpaka anaishiwa nguvu. Hapo ndipo kamera inawashwa. Yule unayemwona kwenye filamu, mwenye macho yale na sauti ya chini, ni mtu ambaye hasira imeshamtoka.

Umeelewa? Hasira haikuwa kipaji. Hasira ilikuwa takataka iliyobidi itolewe kwanza ndipo kipaji kionekane. Na kila dakika ya ile saa na nusu, watu wengine walikuwa wamesimama juani na nguo za chuma wakisubiri.

Kuna utafiti mmoja naupenda, ulichapishwa 2015. Walichukua timu 24 za madaktari na wauguzi wa watoto njiti nchini Israel, wakawapa zoezi la kumhudumia mtoto ambaye hali yake inabadilika ghafla kwa ugonjwa wa utumbo. Nusu ya timu zilisikia maneno ya dharau kutoka kwa "mtaalamu mgeni", nusu nyingine maneno ya kawaida. Hapakuwa na tusi la nguoni, wala kurushiana mikasi. Dharau tu. Zile timu zilizodharauliwa zilifanya vibaya zaidi kwenye kutambua ugonjwa na kwenye kazi za mikono, na sehemu ya sababu ni kwamba watu waliacha kupeana taarifa na kuombana msaada. Mtu akidharauliwa anafunga mdomo. Na kwenye wodi ya njiti mdomo uliofungwa unaweza kuwa dozi iliyokosewa bila mtu kusema. Mimi nimefanya kazi chini ya wakubwa wa aina hiyo na ninaweza kukwambia: mikono inatetemeka, sindano unaihesabu mara tatu na bado huna uhakika.

Kwa hiyo tukiambiwa ukali unaleta ubora, tuulize umeleta ubora wapi, na kwa kulinganisha na nini.

Kulinganisha kupo, tena kwa Herzog huyo huyo. Mwaka 1974, miaka miwili tu baada ya Aguirre, alitengeneza filamu nyingine ya kihistoria, juu ya Kaspar Hauser, kijana aliyejitokeza mjini Nuremberg mwaka 1828 bila mtu kujua ametoka wapi, akidai amelelewa gizani. Mwigizaji mkuu hakuwa hata mwigizaji. Ni Bruno Schleinstein, aliyejulikana kama Bruno S. Mama yake alimpiga utotoni, akiwa mdogo kabisa akapelekwa kwenye taasisi, akakaa humo miaka zaidi ya ishirini. Huyo ndiye mwenye majeraha hasa! Na alikuwa na nyakati za kusimama katikati ya kazi na kulia juu ya dhuluma alizofanyiwa. Herzog alimsubiri amalize, kikosi kizima kikasubiri, kisha wakaendelea. Hakupigwa mtu upanga. Filamu ilipata tuzo kubwa ya majaji kule Cannes mwaka 1975.

Kwa hiyo hata ile hoja ya "alipata shida utotoni" naomba tuiweke pembeni. Kinski alizaliwa 1926, umaskini aliujua, vita aliiona, mateka wa vita alikuwa. Bruno S. aliona mabaya zaidi, tena kwa mkono wa mama yake mzazi, na hakumgeuza mtu mwingine kuwa jalala lake. Shida inaeleza mtu alipotoka. Haimpi ruhusa ya kukuvunjia kidole.

(Kuna watakaosema "Kinski alikuwa mgonjwa wa akili". Mwaka 2008 faili lake la hospitali moja ya akili Berlin, la mwaka 1950, lilitolewa hadharani, na mjane wake akapinga. Alikuwa na haki ya kupinga. Faili la mgonjwa ni la mgonjwa hata akiwa mtu mbaya, na mimi silitumii hapa. Halafu wagonjwa wa akili ninaowahudumia wengi ni watu wapole kuliko hao wakali wetu wenye akili timamu. Msiwasingizie.)

Baada ya Kaspar Hauser Herzog alimrudia Kinski mara nne tena: Nosferatu na Woyzeck, zote 1979, Fitzcarraldo 1982, na Cobra Verde 1987. Kwenye Fitzcarraldo walirudi Peru kukokota meli ya tani zaidi ya 300 kuipandisha mlimani. Mwigizaji wa kwanza, Jason Robards, aliugua kuhara damu ya amiba, madaktari wakamkataza kurudi, ndipo akaitwa Kinski. Huko wenyeji wa msituni walimsikia akibweka kila siku mpaka mzee wao mmoja akamfuata Herzog na kumuuliza kama anataka wamuue. Herzog alikataa. Sababu aliyoitoa? Bado anamhitaji kwenye filamu.

Soma tena hiyo sababu. Ndiyo maana hasira zangu haziko kwa Kinski peke yake. Mkali hawezi kuwa mkali miaka yote bila mtu wa pembeni anayefaidika. Herzog alipata tuzo ya mwongozaji bora Cannes 1982 kwa filamu hiyo. Na Kinski alipokwisha kufa, mwaka 1999 akatengeneza filamu nzima juu ya magomvi yao. Jina lake kwa Kiswahili ni kama Adui Yangu Kipenzi. Imechangamka, utacheka, na ndani yake wanawake wawili walioigiza naye wanasema kwao alikuwa mpole. Simkatalii mtu alichokiona. Ila sisi wa wodini tunajua vizuri kwamba mpole kwa wageni anaweza kuwa mtu mwingine mlango ukifungwa.

Cobra Verde ilipigwa Afrika, sehemu yake kwenye ngome ya watumwa ya Elmina, Ghana. Kinski anaigiza mfanyabiashara ya watumwa. Mpiga picha Thomas Mauch, aliyekuwa nao tangu Aguirre, alitukanwa mpaka akafunga mizigo akaondoka. Mimi namwona Mauch ndiye mwenye akili kuliko wote kwenye hadithi hii. Alikuwa na kipaji, kamera zake ndizo zilizoleta ule ukungu wa mlimani, na akakataa kutukanwa. Herzog na Kinski hawakufanya kazi pamoja tena. Kinski alifariki 1991.


SEHEMU YA 4

Sasa yule binti.

Kwenye filamu ya Aguirre wenzake wote wanakufa, binti yake naye anakufa kwa mshale, na yeye anabaki peke yake kwenye chelezo kilichojaa nyani wadogo, anatangaza kwamba atamwoa binti yake mwenyewe na kuzaa naye ukoo safi kuliko yote duniani. Watu wanalisifu hilo tukio. Wanasema ona alivyoigiza wazimu.

Januari 2013, binti mkubwa wa Kinski, Pola, alichapisha kitabu. Anasema baba yake alimwingilia kimapenzi tangu akiwa na miaka mitano mpaka kumi na tisa. Pola alizaliwa 1952. Filamu ilipigwa 1972. Piga hesabu mwenyewe.

Baba alikuwa amekufa, hakuweza kujibu wala kushtakiwa. Mdogo wake Pola wa mama mwingine, Nastassja, naye mwigizaji maarufu, alisimama hadharani upande wa dada yake. Kwa nini Pola alisubiri miaka yote hiyo? Alieleza. Alichoka kusikia watu wanamwambia baba yako jiniasi, baba yako mkubwa, na baada ya kifo sifa zikazidi.

Sasa umeona lile "lakini" linavyofanya kazi? Halimfunikii mkali peke yake. Linamfunga mdomo mtoto. Mtoto wa mtu anayesifiwa na dunia nzima atamwambia nani? Watu wote wameshajua baba ni mkali, ana tabia zake, tena wanachekea. Kila kisa cha bafu na bunduki kiliwafundisha watu waliomzunguka kwamba huyu haulizwi.

Na wewe kwako yupo asiyeulizwa. Mjomba anayesomesha ukoo mzima. Mwalimu wa tuisheni ambaye watoto wake wanapata A. Ustadhi, mchungaji, kocha wa mtaani, bosi wa mume wako anayekuja Jumapili na zawadi. Unajua mtoto wako anajikunyata akimwona, na umemwambia "msalimie anko, usiwe na kiburi". Ukiona mtoto hataki kukaa na mtu fulani, muulize kwanza yeye, faragha, bila kumtisha na bila kumwekea maneno mdomoni. Usianze kwa kumtetea mkubwa.

Najua utasema hatuna uwezo, huyo ndiye anayelipa ada. Ni kweli na sikudharau, ada ni ada. Ndiyo maana nasema hata kidogo unachoweza kina maana: mtoto asibaki naye peke yake, asitumwe kwake jioni, mlango usifungwe, tuisheni iwe sebuleni kwako na wewe ukikatiza na ndoo yako.

Mmoja wenu ameniuliza kama basi asiitazame filamu. Itazame ukitaka, watoto wakiwa wamelala. Mimi nimeitazama na ile milima bado naiona nzuri. Siwezi tu tena kumtazama yule mtu na nyani wake nikasema ona alivyoigiza.

Na kwa mama ambaye amesoma mpaka hapa kwa sababu tayari kuna kitu nyumbani kwake: mtoto akikwambia amefanyiwa kitu, mwambie umemwamini na si kosa lake. Usimwogeshe, nguo alizovaa usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi au khanga safi. Nenda hospitali mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Mtoto akiwa anavuja damu au ana maumivu makali, matibabu kwanza, karatasi baadaye. Ukifika dirishani usieleze kwa sauti mbele ya foleni, omba kuongea na muuguzi pembeni. Hospitali nyingi kubwa zina kituo cha mkono kwa mkono, polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, Tanzania na hata Kenya, haikati salio.